Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Kutafuta Chanzo cha Kukataliwa Mtandaoni

Watumishi wa umma na wananchi wanaotumia kompyuta za kazi zilizowekewa mifumo endeshi miwili, yaani Windows na Linux ndani ya mashine moja, hukumbwa mara kwa mara na tatizo la kukataliwa wanapotaka kuingia kwenye mtandao wa ofisi. Neno la siri ni lilelile la jana, jina ni lilelile, waya haukuguswa na mtu, lakini kompyuta hutoa jibu la kukataa. Makala haya yamekusudiwa kueleza sababu zinazojulikana za tatizo hilo, namna ya kuzitenganisha, na hatua zinazopasa kuchukuliwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kufuta diski.

Na uchukuliwe mfano. Kata ya Sapiwi imo katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Ichukuliwe kwamba huko Sapiwi ipo ofisi ndogo yenye kompyuta moja. Karani wake huandika barua na kutunza orodha za wakulima kwa Linux, kisha huhamia Windows kwa ajili ya programu ya hesabu isiyokubali kufanya kazi kwingineko. Seva inayohakiki majina na maneno ya siri iko Bariadi mjini, nayo hufikiwa kwa njia ya mtandao. Asubuhi ya siku ya malipo karani anawasha kompyuta upande wa Windows, anaandika jina lake na neno la siri, anakataliwa. Anajaribu tena, anakataliwa. Nje, wakulima wamekwisha kukaa kivulini na stakabadhi zao mkononi. Mara anatokea kijana asemaye kwamba dawa ya ugonjwa huo ni moja tu: kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kazi ya saa mbili. Asichokifahamu kijana huyo ni kwamba orodha ya wakulima, pamoja na uzito wa pamba ya kila mmoja wao, imo upande wa Linux, katika diski hiyohiyo anayotaka kuifuta.

Huenda ikaulizwa kwa nini mashine moja ibebeshwe mifumo miwili. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Hupatikana bila ya malipo, na hufanya kazi vyema hata katika mashine kuukuu. Nchini Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kwa ofisi yenye fungu dogo la fedha, faida hizo si za kudharauliwa. Kwa upande wa pili, programu nyingi za hesabu na za vifaa maalumu zimeandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Hivyo ndivyo mashine moja inavyopata wakazi wawili wasiokaa nyumbani kwa wakati mmoja, ambao kila mmoja akiingia hukuta alichokiacha mwenziwe.

Jambo la kwanza linalopasa kufahamika ni kwamba kuingia kwenye kompyuta si sawa na kuingia kwenye mtandao. Windows iliyounganishwa na kikoa cha ofisi huweka kumbukumbu ya watumiaji wa mwisho walioingia, na kwa kawaida idadi yao ni 10. Mtandao ukikatika, mtumishi aliyemo katika kumbukumbu hiyo huingia bila ya kipingamizi, akadhani mambo yote ni sawa, hadi atakapotafuta faili za pamoja na kuzikosa. Mwenziwe ambaye hajawahi kuikalia kompyuta hiyo hukataliwa palepale, na lawama zote huangukia neno lake la siri. Kwa hiyo kauli ya kwamba “fulani ameingia” haithibitishi kuwa mtandao ni mzima.

Jambo la pili ni neema iliyomo ndani ya tatizo lenyewe. Kompyuta yenye mifumo miwili ni mizani ya kujipimia. Kadi ya mtandao ni moja, waya ni mmoja, meza ni moja. Kinachobadilika ni mfumo tu. Mtumishi akikataliwa upande wa Windows, na aizime kompyuta, aifungue upande wa Linux na kujaribu huko. Akikataliwa pande zote mbili, aghalabu kasoro iko nje ya mifumo hiyo: waya, kifaa cha mtandao, seva, au akaunti yake imefungwa au neno lake limekwisha muda. Akikubaliwa upande mmoja na kukataliwa wa pili, kasoro imo ndani ya mfumo unaokataa, na hapana haja ya kuusumbua waya. Lakini majaribio yasiwe mengi. Mitandao mingi ya ofisi hufunga akaunti baada ya makosa machache yanayofuatana, na mwenye papara hujiongezea tatizo la pili juu ya la kwanza.

Iwapo pande zote mbili zimekataa, uchunguzi uanze na anwani ya kompyuta mtandaoni. Katika Windows huonekana kwa amri ya ipconfig, na katika Linux kwa amri ya ip a. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Katika hali hiyo neno la siri halina kosa lolote. Maombi hayajafika hata mlangoni. Na aangalie waya, taa za kifaa cha mtandao, na kama umeme uliokatika usiku umerudi katika vifaa vyote.

Anwani ikiwa nzuri, swali linalofuata ni kompyuta inamwuliza nani njia. Seva za kikoa hutafutwa kwa majina, na majina hayo hujulikana na seva ya majina, yaani DNS, ya ofisi yenyewe. Hutokea mara nyingi kwamba mtu aliyetaka kurasa za intaneti zifunguke upesi ameandika upande wa Linux anwani ya DNS ya watu wote, kama vile 8.8.8.8. Kurasa za dunia nzima hufunguka, lakini seva ya ofisi haijulikani huko, na kuingia hushindikana. Ni sawa na mgeni anayemwuliza mpita njia wa mji mwingine nyumba ya mjumbe wa mtaa.

Ipo pia tabia ya Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012 ambayo huwahadaa wengi. Mtumishi akibonyeza kuzima, mfumo hauzimiki kabisa. Hujilaza nusu usingizi ili kesho uamke haraka. Mkazi huyo amelala na funguo mkononi. Linux ikifunguliwa, huenda ikakuta kadi ya mtandao isiyo na waya haiitikii, na sehemu ya diski ya Windows inasomeka tu bila ya kuandikika. Tiba yake ni kuondoa mpango huo wa kuamka haraka katika mipangilio ya umeme ya Windows, au kuandika amri ya powercfg /h off kwa mamlaka ya msimamizi. Kwa dharura, kuchagua kuwasha upya badala ya kuzima hutosha, maana kuwasha upya humaliza usingizi wote.

Sasa yafuatie maelezo ya sababu inayostahili nafasi kubwa zaidi, nayo ni saa.

Seva nyingi za ofisi huhakiki watumiaji kwa utaratibu uitwao Kerberos, uliotungwa katika chuo cha MIT cha Marekani katika miaka ya 1980 na kuingizwa na Microsoft katika Windows 2000. Jina hilo ni la mbwa wa hadithi za Wayunani wa kale, mwenye vichwa vitatu, aliyelinda lango la kuzimu. Katika utaratibu huo neno la siri halisafirishwi kwenye waya. Kompyuta hulitumia kutengeneza alama iliyofungwa kwa siri, ndani yake ikiwa imeandikwa saa ya wakati ule, na seva hufungua alama hiyo na kuilinganisha na saa yake. Sababu ya kuweka saa ni kumzuia mwizi anayenakili alama mtandaoni asiitumie baadaye. Kwa kawaida tofauti inayovumiliwa ni dakika 5. Ikizidi hapo, alama huhesabiwa kuwa imechacha na mwenyewe hukataliwa, hata kama neno lake ni sahihi herufi kwa herufi. Windows wakati mwingine hueleza wazi kwamba saa hazilingani, na huenda ikajirekebisha yenyewe. Wakati mwingine hukataa bila ya maelezo.

Mifumo miwili huivuruga saa kwa njia ambayo Mswahili hana budi kuielewa upesi kuliko watu wengine, kwani amezaliwa katikati ya saa mbili. Sisemi wa Zanzibar tu au wa Bariadi. Popote pale Afrika Mashariki, saa ya ukutani ikionyesha 8, msomaji husema saa mbili asubuhi. Saa ni ileile, wasomaji ni wawili, na kila mmoja ni mkweli kwa hesabu yake. Hatari huzuka pale mkutano unapotangazwa “saa 8” na msikilizaji asijulishwe ni hesabu ya nani.

Ndani ya kompyuta imo saa ndogo inayoendeshwa na betri, ambayo huendelea kuhesabu mashine ikiwa imezimwa. Windows huisoma saa hiyo kuwa ni saa za mahali ilipo kompyuta. Linux, kwa kawaida yake, huisoma kuwa ni saa za ulimwengu, zinazoandikwa UTC, kisha huongeza tofauti ya mahali. Tofauti ya Afrika Mashariki ni saa 3. Tuseme ni saa mbili kamili asubuhi Sapiwi. Windows imeandika 08:00 katika saa ndogo, kompyuta ikazimwa. Linux inafunguliwa, inaiona 08:00, inaihesabu kuwa ya ulimwengu, inaongeza 3, na kutangaza 11:00, yaani saa tano asubuhi. Kisha inapata mtandao, inauliza saa ya kweli, inajirekebisha, na kwa uaminifu wake inaiandikia saa ndogo 05:00, ambayo ndiyo saa ya ulimwengu kwa wakati ule. Windows inapofunguliwa tena inakuta 05:00 na kuamini kwamba ni saa kumi na moja alfajiri. Jua limekwisha kupanda, wakulima wako nje, lakini Windows inaona bado ni alfajiri. Ikipeleka alama yake kwa seva ya Bariadi, alama hiyo imechelewa kwa saa 3, ilhali uvumilivu ni dakika 5.

Kutokana na maelezo hayo, ukubwa wa tofauti ndio unaotaja ugonjwa. Saa ikikosea kwa saa 3 barabara, mbele au nyuma, chanzo ni ugomvi wa mifumo miwili. Ikikosea kwa miaka, na kosa likaonekana pande zote mbili kila kompyuta inapochomolewa umeme, betri ya saa imekufa. Katika kompyuta nyingi za mezani ni ile ya duara aina ya CR2032, ya volti 3, na hubadilishwa na fundi kwa dakika chache. Saa iliyorudi nyuma kwa miaka huleta pia kukataliwa na kurasa salama za intaneti, kwa kuwa vyeti vyake huonekana kama havijaanza kutumika. Ikikosea kwa dakika 7 au 10, basi kompyuta haijapata muda mrefu kujilinganisha na seva ya saa.

Tiba ya ugomvi wa saa 3 ni kuzikubalisha pande mbili hesabu moja. Njia ya kwanza ni kuiagiza Linux ifuate saa za mahali, kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ikiandikwa na mwenye mamlaka ya msimamizi wakati saa ya Linux inaonyesha sawasawa. Amri hiyo huiandika upya saa ndogo papo hapo. Njia ya pili ni kuiagiza Windows ifuate saa za ulimwengu, kwa kuweka katika rejista yake thamani iitwayo RealTimeIsUniversal yenye namba 1. Wataalamu wengi huipenda njia ya pili, na Linux yenyewe hutoa onyo ikiagizwa kufuata ya kwanza, hasa kwa sababu katika nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka mifumo yote miwili huweza kusogeza na kosa likazaliwa upya. Afrika Mashariki haisogezi saa. Kwa ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu, njia ya kwanza ndiyo nyepesi, kwani kuchezea rejista ya Windows bila ya uzoefu huweza kuleta madhara makubwa kuliko saa iliyopotea. Linalokatazwa kabisa ni kufanya zote mbili. Hapo Windows itasoma za ulimwengu, Linux itasoma za mahali, na ugomvi utabaki palepale, kila mmoja akiwa amehamia upande wa mwenziwe.

Saa ikiwa sahihi na kukataliwa kukaendelea upande mmoja, na litazamwe jina la kompyuta. Si mtumishi peke yake mwenye neno la siri. Kila mfumo uliosajiliwa katika kikoa hupewa akaunti yake, na neno la siri ambalo hakuna mtu anayeliona. Windows hulibadilisha yenyewe kila baada ya siku 30 kwa kawaida. Ikiwa Windows na Linux zimesajiliwa kwa jina moja, mfumo uliosajiliwa nyuma hubadilisha neno la akaunti hiyo, na ule wa kwanza hubaki na ufunguo wa kufuli iliyokwisha badilishwa. Windows hutoa ujumbe kwamba uhusiano wa kuaminiana baina ya kituo hicho na kikoa umevunjika. Dawa ni kuzipa majina mawili mbalimbali, kwa mfano SAPIWI1-W na SAPIWI1-L, yasiyozidi herufi 15, na kuusajili upya mfumo uliokataliwa. Kazi hiyo ni ya msimamizi wa kikoa. Tahadhari moja hapa ni ya lazima: kabla ya kuiondoa Windows katika kikoa, ihakikishwe kwamba lipo neno la siri la msimamizi wa ndani ya kompyuta hiyo na kwamba linafanya kazi. Asiyelijua atajikuta amefungiwa nje na kikoa na mashine kwa pamoja.

Sababu ya mwisho ni ndogo hata hutia aibu. Kibodi huweza kupangwa kwa Kiingereza cha Uingereza katika mfumo mmoja na cha Marekani katika mwingine. Katika mpango wa Uingereza, kubonyeza Shift na 2 hutoa alama za kunukuu. Katika ule wa Marekani hutoa alama ya @. Alama ya # nayo hubadilishana nafasi na ya pauni. Mwenye neno la siri lililo na alama hizo atakubaliwa upande mmoja na kukataliwa wa pili mpaka jioni. Na aliandike neno hilo mahali pa jina, panaposomeka, bila ya mtu kumtazama, kisha alifute. Kama herufi si zile alizokusudia, amepata jibu.

Katika pilikapilika za namna hii hutokea pia mwenye huruma akamwazima mwenziwe jina na neno lake la siri ili kazi isonge. Huruma hiyo isipokelewe. Malipo yatakayoandikwa yatabeba jina la asiyekuwepo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila ya idhini halali.

Ikirudiwa ofisi ya Sapiwi katika mfano ule, karani anamwomba kijana asubiri, anaifungua Linux, na anakubaliwa. Waya, akaunti na seva vimekwisha ondolewa katika mashaka kwa hatua hiyo moja. Kabla ya yote ananakili orodha ya wakulima kwenye flashi na kuiweka mfukoni. Kisha anawasha tena upande wa Windows na kutazama pembe ya skrini: saa inaonyesha 05:20, ilhali ya mkononi inasoma saa mbili na dakika ishirini. Ni saa 3 barabara. Anampigia simu msimamizi wa Bariadi, anamtajia mambo manne tu: mfumo upi unakubali, upi unakataa, maneno ya ujumbe kama yalivyo, na tofauti ya saa. Anarudi Linux na kuandika ile amri moja kwa maelekezo ya msimamizi, anawasha Windows, na saa inasoma 08:31. Anaandika jina lake na neno la siri, programu ya hesabu inafunguka, na mkulima wa kwanza anaitwa dirishani na stakabadhi yake.